Ubunifu wa Muuguzi Huanzia Kwenye Ratiba ya Zamu

Hotuba hii niliitoa mbele ya wakuu wa wodi na wauguzi wenzangu katika wiki ya Siku ya Wauguzi Duniani. Waliokuwa zamu hawakuweza kuja, na wengi wao wameniomba nakala. Naiweka nzima kama nilivyoisema.

Ndugu zangu wauguzi na wakunga, mama zangu na kaka zangu wakuu wa wodi, madaktari wetu mliokubali kukaa nasi mchana huu, na ninyi wanafunzi mliosimama nyuma kwa kukosa viti: Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Habari za mchana.

Kabla ya yote, naomba kila aliyetoka zamu ya usiku asubuhi hii akaja hapa bila kulala anyooshe mkono. Haya, mmewaona. Wapisheni viti, na akisinzia mtu asiamshwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya ubunifu. Kila mwaka tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820 Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, tunavaa sare zilizonyooka, tunaandamana, tunawasha mishumaa, na mgeni rasmi anatuambia: "Wauguzi, muwe wabunifu." Tunapiga makofi. Kesho yake tunarudi wodini, na mambo yako palepale.

Kwa nini yako palepale? Ni kwamba wauguzi wetu hawana akili? Mtu anayeweza kumbembeleza mtoto wa miaka miwili mpaka akatoa mkono mwenyewe achomwe sindano, huyo hana akili? Ni wavivu? Mtu aliyekimbia usiku kucha kati ya vitanda 40, huyo ni mvivu? Nimevaa sare hii zaidi ya miaka thelathini, na jibu nililolipata linatugusa sisi wakuu wa wodi kuliko mtu mwingine yeyote. Tunawaambia watu wawe wabunifu, kisha tunawapangia kazi kwa namna inayowazuia.

Ubunifu wa muuguzi haukai kichwani mwake peke yake. Huanzia kwenye ile karatasi ya ratiba iliyobandikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya inchaji, yaani mkuu wa wodi. Wataalamu wanaiita muundo wa kazi: nani anafanya nini, anaruhusiwa kuamua nini, na anajua nini juu ya kilichotokea baada ya yeye kuondoka.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Nani hapa amewahi kumfunga mgonjwa glavu mkononi ili apate mshipa? Naona mikono yote. Nani amewahi kutundika dripu kwenye msumari wa dirisha? Nani ametumia boksi la kawaida kutupia sindano kwa sababu yale ya njano yaliisha tangu wiki iliyopita? Tukifanya hivyo tunasifiwa: wauguzi wetu wabunifu kweli! Ndugu zangu, mimi sifa hiyo siitaki. Ule ni upungufu wa vifaa, na dawa yake ni vifaa. Tukikubali kuuita ubunifu, anayepaswa kununua vile vifaa atalala usingizi mzuri, nasi tutaendelea kufunga glavu mpaka tustaafu.

Ubunifu ninaousema leo ni mwingine. Mtafiti wa Marekani, Teresa Amabile, ameufafanua kwa sifa mbili tu: kitu kiwe kipya, na kiwe na manufaa. Muuguzi ameona jambo ambalo wengine wamelipita, amejaribu njia nyingine, mgonjwa amepata nafuu, na njia ile imebaki wodini hata yeye akihamishwa. Huo ndio ninaoutafuta. Sasa tuone unazuiliwa wapi.

Nitaanza na mzee wa kitanda namba 14.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwaka wangu wa kwanza kazini, wodi ya upasuaji ya wanaume. Sitaitaja hospitali. Ratiba yetu ilikuwa hivi: mmoja wa vipimo, mmoja wa dawa, mmoja wa vidonda, mmoja wa vitanda na usafi. Mimi nilikuwa wa vipimo kwa wiki tatu mfululizo. Nikiingia wodini nabeba trei, vipimajoto vya zebaki vimelala kwenye pamba, saa imening'inia kifuani. Kwapa, mkono, sekunde 30, zidisha mara mbili, weka nukta, kitanda kinachofuata.

Mzee wa namba 14 alikuwa na kidonda cha sukari mguuni. Alikuwa amenizoea. Nikifika kitanda cha 12, yeye ameshainua mkono wake kunisubiri. Siku moja nimemshika mkono, macho yangu kwenye saa, akaniambia, "Mjukuu wangu, leo siku ya tisa unanishika mkono huu. Jina langu nani?" Nikageuza macho kwenye kadi iliyoning'inia miguuni mwa kitanda. Akasema, "Usiangalie kadi."

Sikulijua.

Nililia baadaye, lakini kilichonitesa zaidi nilikigundua siku tatu mbele, mguu ulipokatwa juu ya goti. Nilipoitazama karatasi ya joto nikaona nukta zangu mwenyewe: siku nne jioni joto lilikuwa linapanda kidogokidogo. Niliziweka nukta, sikuziona. Mwenzangu wa vidonda alikuwa ameona harufu imebadilika, akadhani wa dawa anajua. Wa dawa alikuwa amekuta vidonge chini ya mto, kwa sababu vilimtapisha mzee, akadhani wa vidonda ameripoti. Wa vitanda alikuwa ameona mzee anaacha chakula. Wauguzi wanne, wote wenye bidii, wote wenye cheti. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha mzee. Nani alikuwa na mzee mzima mkononi?

Hakuna.

Sasa niambieni: katika wodi ile, nani angebuni kitu? Ningebuni nini mimi? Namna ya kuweka nukta haraka zaidi? Mtu hubuni juu ya kile anachokiona, na mimi nilikuwa nimepewa kuona makwapa 32.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hatukuwa peke yetu. Mwaka 1960, Uingereza, mtafiti Isabel Menzies alichapisha alichokiona katika hospitali moja kubwa ya kufundishia jijini London. Aliwakuta wauguzi wanafunzi wakigawana kazi vilevile kama sisi. Aliwasikia wakiwaita wagonjwa "ini la kitanda cha 10" na "nimonia ya kitanda cha 15". Karibu theluthi moja ya wanafunzi wale walikuwa wakiacha masomo kabla ya kumaliza. Lakini Menzies hakuwalaumu. Aliuliza swali la mtu mwenye huruma: kazi hii imekatwakatwa vipande kwa faida ya nani? Akaona kwamba ilikatwa ili kumlinda muuguzi asiumie. Ukimjua mgonjwa kwa kitanda, akifa kimekufa kitanda. Ukimjua kwa jina, na mkewe unamjua, na mjukuu wake anayemletea uji unamjua, akifa unazika.

Wenzangu, hapo naomba tusipapite haraka. Nasi tunajilinda. Nani hapa hajawahi kufurahi kimoyomoyo kupangiwa troli ya dawa siku ambayo hakuwa na nguvu ya kuongea na mtu? Mimi nimewahi. Ni haki ya binadamu kuchoka. Lakini alichokionyesha Menzies ni kwamba kinga ile haikuwakinga. Uchungu ulibaki, na juu yake ukaongezeka uchungu wa kufanya kazi usiyoiona mwisho wake. Ndiyo maana walikuwa wanaondoka.

Katika miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Richard Hackman na Greg Oldham, walichunguza ni kazi za namna gani zinazomfanya mtu aipende kazi yenyewe, mbali na mshahara. Wakataja mambo matano. Kazi itumie ujuzi wa aina mbalimbali. Iwe kitu kizima chenye mwanzo na mwisho. Iwe na maana kwa maisha ya wengine. Impe mtu nafasi ya kuamua. Na imrudishie habari ya alichokifanya. Uuguzi una maana kwa maisha ya watu, hilo halihitaji mjadala. Wengi wetu tunaendelea kufanya kazi kwa sababu ya hilo moja. Yale manne mengine yamo mikononi mwa anayepanga zamu. Na mwaka 1996 huyohuyo Oldham, pamoja na Anne Cummings, walirudi na utafiti kutoka viwanda viwili: kazi za ubunifu mkubwa zilitoka kwa watu wenye vipaji vya ubunifu waliopewa kazi pana, chini ya msimamizi anayewaunga mkono bila kuwabana. Sikilizeni vizuri: kipaji peke yake hakikutosha. Kipaji, kazi pana, msimamizi mwema. Ukitoa kimoja, umepunguza vyote.

Nilipopewa wodi yangu ya kwanza kama inchaji, wodi ya watoto njiti, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuichana ratiba ya vipande. Sikuwa wa kwanza duniani. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, muuguzi Marie Manthey na wenzake walianza utaratibu wa kila mgonjwa kuwa na muuguzi mmoja anayewajibika kwake tangu analazwa mpaka anaruhusiwa. Mimi sikuwa na watu wa kutosha kufanya vile. Nilifanya nilichoweza: kila muuguzi na chumba chake, mama walewale, watoto walewale, kwa wiki nzima. Basi.

Wiki ya tatu, muuguzi wangu mmoja, binti mkimya sana, akaja na daftari la kurasa 40. Alikuwa na mama sita wa kangaroo, wale wanaolaza watoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Akaniambia, "Mama, watoto wangu wanapoa saa 12 na nusu asubuhi. Siku zote. Saa nyingine wako sawa." Amepiga mistari kwa rula, joto la kila mtoto, kila saa. Nikamuuliza, saa 12 na nusu kuna nini? Akasema, "Nimekaa nikaangalia. Ndiyo saa mama wanakwenda kuoga na kuchota maji ya moto. Wanafungua kanga, wanamweka mtoto kitandani, wanapanga foleni bafuni."

Mnaona? Ile wodi ilikuwepo miaka. Joto lilipimwa miaka. Wa vipimo aliona joto, wa zamu ya asubuhi aliona foleni ya bafuni, lakini hakuna aliyeziona zote mbili kwa watoto walewale siku saba mfululizo.

Na dawa yake aliibuni mwenyewe. Nje ya geti, kuanzia alfajiri, bibi za watoto walikuwa wamekaa na vyungu vya uji wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Akaniomba ruhusa bibi mmoja kwa kila mama aingie saa 12 kamili, anawe mikono mpaka viwiko, afungwe mtoto kifuani mama anapokwenda kuoga. Nilimwambia jaribu wiki moja, ukipata shida jina langu ndilo litakalotajwa. Nakumbuka asubuhi ya kwanza: bibi mmoja amekaa kwenye benchi, kanga ya rangi ya maboga imefungwa nyuma ya shingo, mjukuu wa kilo moja na gramu mia mbili amelala juu ya kifua chake kikavu, na bibi yule hapumui sawasawa kwa kuogopa kumwamsha. Joto halikushuka. Gharama yake ilikuwa sabuni.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2021, yalitoka matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, Muhimbili. Watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa. Lakini ili hilo liwezekane ilibidi wodi ipangwe upya: kitanda cha mama kikaingia ndani kwenye chumba cha watoto mahututi, na muuguzi akawa na wawili wa kuwahudumia mahali pamoja. Ilibadilishwa kazi kwanza. Ndipo watoto wakapona.

Nije kwenye uamuzi. Hapa nataka niwasimulie habari ya muuguzi mmoja wa Kiingereza, Jean Ward, aliyeitwa sista kama Waingereza walivyowaita wakuu wa wodi. Mwaka 1956 alikuwa mkuu wa wodi ya watoto njiti katika hospitali ya Rochford, mkoa wa Essex. Sista Ward aliamini kwamba hewa safi na jua vinawafaa watoto kuliko joto la chumba kilichofungwa, hivyo siku za jua aliwasukuma na vitanda vyao mpaka uani. Siku moja madaktari wanapita raundi, akamfunua mtoto mmoja. Mwili wote umepauka, isipokuwa pembe moja ya ngozi yenye rangi ya njano kali. Daktari akadhani amepakwa dawa. Sista Ward akaeleza kwamba hakumpaka kitu: mtoto alikuwa na manjano, yaani ngozi yake ilikuwa imegeuka njano, na pale penye rangi ndipo pembe ya shuka ilipokuwa imemfunika. Kwingine kote jua lilikuwa limeiondoa.

Haukupita muda, chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano ikasahaulika dirishani juani, na ilipopimwa manjano yake ikakutwa imepungua. Daktari Richard Cremer na wenzake wakaufuatilia uzi ule, wakatengeneza taa, wakachapisha matokeo mwaka 1958. Zile taa za bluu zinazowaka usiku kucha katika wodi zetu za wachanga, asili yake ni jicho la muuguzi na pembe ya shuka. (Na tusichanganye: mtoto mwenye manjano kali leo anahitaji taa, tena haraka. Tusimwambie mama akamwanike jua akarudi baada ya wiki.)

Swali langu ni hili. Sista Ward alimwomba nani ruhusa ya kuwatoa watoto uani? Wodi ilikuwa yake. Alikuwa na mamlaka ya kuamua jambo dogo kama kitanda kikae wapi. Sasa chukua sista huyohuyo, macho yaleyale, umweke katika wodi ambayo kusogeza kitanda kunahitaji barua kwa matroni, nakala kwa katibu wa afya, majibu baada ya siku 14. Jua la Uingereza litamngoja siku 14?

Siku hizi Uholanzi wana mfano mkubwa kuliko huu. Mwaka 2006 muuguzi Jos de Blok alianzisha Buurtzorg, shirika la kuwahudumia wagonjwa majumbani. Timu zake hazizidi wauguzi 12, hazina bosi, zinapanga zenyewe zamu na namna ya kumhudumia kila mgonjwa. Lilianza na watu wachache mno na sasa lina maelfu ya wauguzi. Najua hospitali si nyumbani kwa mgonjwa, na sisi si Waholanzi. Sisemi tufute umatroni. Nasema tujiulize: katika wodi yako, muuguzi wa kawaida anaweza kuamua mambo gani bila kukuuliza? Ukishindwa kutaja matano, una tatizo.

Wala sisemi kila kitu ni cha kubuni. Dozi hatubuni. Kunawa mikono hatubuni. Kuhesabu gozi kabla tumbo halijafungwa hatubuni. Kumtambua mgonjwa kabla ya kumwekea damu hatubuni. Hayo yameandikwa kwa damu ya watu, na muuguzi anayeyachezea sitamtetea. Lakini kwa kuwa mambo kumi hayaguswi, tumezoea kuyafunga na mengine mia yasiyo na sababu. Nani aliandika kwamba wagonjwa wote waamshwe saa 11 alfajiri kuoga?

La tatu ni habari ya matokeo. Mkunga mmoja wa kituo cha afya, mbali kidogo na barabara ya lami, aliwahi kuniambia, "Mama, kila mgonjwa ninayempa rufaa kwangu ni kama barua isiyojibiwa." Anamtia mama kwenye gari la wagonjwa saa 8 usiku, kifafa cha mimba, amempa magnesiamu ya kuzuia degedege, taa nyekundu inapotea kwenye kona, basi. Alipona? Mtoto je? Hajui. Miaka sita hajui. Nikawaomba wenzangu wa leba tufanye jambo dogo: kila Ijumaa mtu mmoja apige simu kwa kila kituo kilichotuletea rufaa wiki ile, aseme kilichotokea. Dakika tatu kwa simu.

Simu ya pili tu ilimwambia jambo ambalo hakulijua. Karatasi zake za rufaa zilikuwa zinachelewa kutufikia, zinabaki kwenye mkoba wa ndugu, na madaktari wetu wanapata shida kujua dozi ya kwanza imeshaingia au bado. Ninyi mnajua hatari ya kuirudia magnesiamu: mama anaweza kuacha kupumua. Unajua alifanya nini? Rufaa iliyofuata, mama alishushwa na kipande cha plasta nyeupe juu ya kifundo cha mkono, kimeandikwa kwa kalamu ya wino: dawa, kiasi, saa. Karatasi ikipotea, mkono haupotei. Mkunga yule alikuwa na akili ile miaka yote sita. Kilichokosekana ni simu.

Sasa niseme lililo gumu kwangu.

Kuna wauguzi wana mgonjwa mzima, wana nafasi ya kuamua, matokeo wanayajua, na bado hawasemi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alipima makosa ya dawa katika wodi za hospitali kule Marekani. Alitegemea kukuta timu nzuri zina makosa machache. Akakuta timu nzuri zimeripoti mengi zaidi. Alipochimba akaelewa: kwenye timu nzuri watu hawakuogopa kusema. Kwingine makosa yalikuwepo, yamefunikwa. Na wenzangu, mdomo unaofunika kosa ndio huohuo unaofunika wazo.

Miaka kama kumi na tano iliyopita, asubuhi ya kukabidhi zamu, muuguzi aliyekuwa na miezi minne kazini alinyoosha mkono. Akaanza, "Mama, nilikuwa nafikiri, kwenye upande wa dawa, kama tungekuwa..." Tulikuwa tumechelewa. Usiku tulikuwa tumepoteza watu wawili. Nikamwambia mbele ya wote, "Binti, wewe umetoka chuo juzi. Fanya kazi kwanza." Wengine walicheka. Akakaa. Alifanya kazi chini yangu miaka mitatu zaidi, kazi nzuri, hakuchelewa hata siku moja. Hakunyoosha mkono tena.

Mimi, niliyekuwa nimeichana ratiba ya vipande! Mimi niliyekuwa nimelipokea daftari la kurasa 40! Kwa hiyo msidhani ukishapanga ratiba vizuri umemaliza. Sentensi moja ya mkuu wa wodi saa moja na nusu asubuhi ni sehemu ya muundo wa kazi.

Najua mnachosema moyoni: "Mama, tuko wawili usiku, wagonjwa 40, wewe unatuambia habari za kubuni." Mna haki, na sitawapa jibu jepesi. Upungufu wa watu unaua mawazo kama unavyoua wagonjwa, na madai ya ajira tuyapeleke kila penye sikio. Lakini nimeona jambo moja: watu wakiwa wachache ndipo tunapokimbilia kugawana vipande, tukidhani tunaokoa muda. Tunaokoa dakika za asubuhi, tunazilipa kwa saa za jioni, kutafuta nani alimwona nani. Wawili kwa wagonjwa 40? Gaweni ishirini ishirini, kwa vyumba. Hamjaongeza mtu hata mmoja, lakini kila mgonjwa ana mwenyewe.

Wengi wenu mmefundishwa zile S tano za kupanga mahali pa kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Zilianza kuingia katika hospitali zetu mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani, na hospitali ya Mbeya ikawa shule ya wengine. Mimi nazipenda. Ila wodi nyingi ziliishia kwenye lebo za makabati, ukaguzi ukija lebo zinapanguswa vumbi. Baada ya S tano inakuja kaizeni, yaani watu wa wodi wenyewe kukaa, kuchagua tatizo lao, na kujaribu suluhisho lao. Kile kikao cha kaizeni ndicho kinachokufa kwanza tukizidiwa. Naomba kirudi, nusu saa kila wiki mbili, kiandikwe kwenye ratiba kama zamu nyingine, na asiongoze inchaji.

Wiki iliyopita, nikiandaa maneno haya, nilimtafuta yule binti. Sasa ni mkuu wa wodi katika mkoa mwingine, ana watoto wawili. Nilimwomba radhi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, mimi nilishasamehe zamani." Nikamuuliza, siku ile ulitaka kusema nini juu ya upande wa dawa? Alifikiri muda mrefu, nasikia troli inapita nyuma yake.

Akasema, "Nakumbuka nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi. Lakini Mama, nimelisahau."

Wanafunzi waliosimama nyuma wanapitisha karatasi na kalamu. Msiandike majina. Kila mmoja aandike jambo moja la wodi yake ambalo amekuwa akilifikiria na hajalisema. Tuna dakika ishirini, na wakuu wa wodi tutakaa kimya.